Hodi kwa Bwana Umma

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, halafu machozi yananilengalenga. Nimeikumbuka tena jana uliponipigia simu kutoka Dar es Salaam. Ulisema mwalimu wako wa chuo amekutuma ukasome katika ile maktaba ya watafiti, yenye maandishi ya zamani kuhusu njia ya misafara iliyopita hapa kwetu Tabora. Ukafika mpaka mlangoni. Ukawaona watu na mvi zao wameinamia vitabu, kimya kabisa, ukageuka. "Bibi," ukaniambia, "pale ni pa wakubwa. Nitatafutatafuta kwenye simu." Nikakujibu haya baba, lala salama. Umri wangu huu jibu nalo linatembea kwa mkongojo. Leo limefika, kaa kitako usikilize.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami msichana mbichi, nimemaliza darasa la saba. Kijijini kwetu, si mbali na stesheni ya Igalula, nilipewa kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma. Usicheke. Wakati ule aliyejua alimfundisha asiyejua, basi. Alasiri watu walitoka shamba, wakanawa mikono, wakaja kukaa juu ya magunia katika ghala la chama, mimi mbele yao na ubao na chaki. Baba zangu wadogo, mama wa wenzangu, wote wananiita mwalimu! Natamani ungeziona nyuso zile, mwanangu. Sijapata kuona tena watu wanaozitazama herufi kwa hamu namna ile.

Kati yao alikuwemo Bibi Kalunde, shangazi yake baba yangu. Alikuwa mzee kuliko wote, na mdomo wake mkali kuliko wa wote. Nikimsahihisha anasema, "Pole pole, mwalimu. Mimi ndiye niliyekuogesha ulipozaliwa." Nitamsahihisha tena saa ngapi?

Tulikuwa na kitabu kimoja tu cha kusomea, cha kilimo cha tumbaku, nakala chache tukipokezana. Tulikisoma mvua zikaja, mvua zikaenda. Ikafika mahali wote wanasoma bila kukwama, nami nikavimba kichwa, mwalimu hodari! Mpaka nilipompa Mzee Ngasa kitabu, akakipokea kichwa chini miguu juu, akaanza kusoma kwa sauti ya mkutanoni. Hakukosea hata neno.

Lo! Moyo wangu ulishuka mpaka magotini. Watu wangu hawakuwa wakisoma, walikuwa wamekariri. Nikaandika ubaoni neno ambalo halikuwemo kitabuni, neno jepesi tu, kikapu. Hakuna aliyeweza kulisoma, na vikapu viko miguuni mwao. Maana kusoma, mwanangu, ni kama jembe, ukilitundika linaota kutu.

Tangu siku hiyo wakaanza kupungua. Huyu anasema mgongo, yule anasema mbuzi wamepotea. Watu wazima hawasemi wamekata tamaa, wanasema mbuzi wamepotea. Bibi Kalunde peke yake ndiye aliyenisemea kweli. "Mwalimu, tutafutie maneno mapya. Haya tumeyatafuna mpaka yamekwisha utamu. Usipoyaleta, hawa hawarudi tena, na mimi nitakufa najua tumbaku tu."

Tukasikia kwamba Tabora mjini kuna maktaba, na kwamba watu wanaazimwa vitabu wakaenda navyo kwao. Darasa likauza asali ya mizinga yake, wakanikatia tiketi ya treni, daraja la tatu. Jioni ya kuniaga Mzee Ngasa akauliza, "Hiyo maktaba ni ya nani?"

"Ya Umma," nikasema.

"Huyo Bwana Umma ni Mwarabu, au mtu wa huku huku?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi. Kwetu duka lilikuwa la Salumu, mashine ya kusaga ya Nasoro, kila kibao kilikuwa na mwenyewe. Kwa nini Umma asiwe mtu? Nikafuta kicheko, nikawaeleza kwamba umma ni watu wote, ni sisi sote tuliokaa humu. Nilieleza vizuri sana, hata mwenyewe nilijisikia. Nilikuwa sijui kwamba neno limeingia kinywani mwangu tu, miguuni bado.

Nikashuka stesheni ya Tabora nimevaa viatu vya kuazima na kanga mpya ya mama. Ah, Tabora ile! Baiskeli zimejaa barabarani, redio inaimba dukani, wazee wa Kiarabu wamekaa barazani na vikombe vyao vya kahawa, kila unayempita unamwamkia. Nikauliza njia, nikaonyeshwa. Nikakiona kibao, "Maktaba ya Umma." Mlango uko wazi. Na juu ya mlango huo huo imebandikwa karatasi, "KIMYA."

Sasa sikia mkasa. Mama yangu alikuwa mtoto wa mjini, na alitulea kwa adabu za kwao. Ukifika kwa watu unapiga hodi mara tatu. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka, na wala huchungulii ndani. Karatasi inasema kimya, mama anasema hodi. Ungefanyaje? Mimi nilipiga hodi ya kunong'ona. Kijana mmoja wa shati jeupe, aliyekaa mezani karibu na mlango, akainua macho, akatabasamu, akainama tena. Ndiye alikuwa mkutubi, mtunza vitabu vile. Nikapiga ya pili. Wanafunzi wa shule za mjini walikuwa wanafunua kurasa, hakuna aliyegeuka. Ya tatu ilitoka kama pumzi ya mgonjwa. Hakuna aliyesema karibu.

Nikageuka. Nilikaa stesheni kuingoja treni ya kurudi, nikalia, na kanga mpya ya mama nikaipangusia kamasi. Si kwamba walinifanya ubaya wowote. Niliona aibu tu. Nilijiona mtu wa shamba, na vitabu vile niliviona vya watoto wa watu.

Nilipofika kijijini darasa zima lilikuwa ghalani, hata waliokuwa wamepoteza mbuzi. Walioketi nyuma walisimama waone nimebeba nini. Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Nikasema, "Hawakunikaribisha." Mzee Ngasa akachukua kofia yake taratibu, akavaa. Nikajua akitoka yeye, wengine watamfuata, na darasa ndiyo basi.

"Ngasa, keti," Bibi Kalunde akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ulikuwa wazi, bibi."

"Walikufukuza?"

"Hapana."

"Walikuwa na mbwa?"

"Jamani, bibi!"

"Sasa nani alikuzuia?"

"Nilipiga hodi mara tatu, hakuna aliyeitikia."

Akapiga makofi ya kushangaa, na wala hakucheka. "Hodi! Wewe si ndiye uliyesimama hapa ukatuambia Umma ni sisi? Halafu umekwenda mjini ukampigia hodi Bwana Umma! Mwenye nyumba hapigi hodi, we mtoto." Hapo sikuwa mwalimu tena, nilikuwa mtoto. "Baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu mpaka pwani, na bega lake moja lilibaki limeinama mpaka tunamzika. Alipofika kwa tajiri, alipiga hodi akasimama juani mpaka aitwe. Lakini kambini, njiani, hakuna mpagazi aliyempigia mwenzake hodi. Umebeba mzigo, umefika, unautua, unakaa penye moto. Sasa tumeambiwa nchi ni yetu. Wewe bado unasimama juani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini akanishika mkono, akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Tutakwenda wote. Nataka nimwone huyo anayekaa kwangu bila kunikaribisha."

Tukaenda. Bibi kichwani ana kikapu cha karanga, miguu peku, viatu alisema vinamchelewesha. Tulipofika mlangoni nikahisi ile hodi inanipanda kooni. Yeye hata hakupunguza mwendo. Aliingia kama anavyoingia jikoni kwake, akatua kikapu juu ya meza, akavuta kiti. Na hapo ndipo kimya cha maktaba kilipokutana na kitu kikubwa kuliko karatasi. Mzee kaingia! Kijana mmoja akainuka, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Wa pili akainuka. "Shikamoo." "Marahaba, hujambo?" Shikamoo ikazunguka chumba kizima, nani angethubutu kubaki ameinama? Mkutubi naye akaja mbio mbio, amechanganyikiwa, akaamkia, kisha akauliza kwa adabu, "Karibu, bibi. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu," akasema Bibi Kalunde. "Mimi ndiye Umma."

Walicheka wale watoto! Mkutubi alicheka mpaka akaegemea kabati. Kisha akaniona mimi nimejibanza mlangoni. "Dada, si wewe uliyekuja juzi? Nilikuona. Nilikuwa nakungoja uingie."

"Nami nilikuwa nakungoja useme karibu," nikasema.

Akatazama ile karatasi ya kimya, akajikuna kichwa. Kumbe naye alikuwa mgeni kazini, anaogopa kupaza sauti mkubwa wake asije akamsikia. Yeye ndani, mimi nje, mlango wazi katikati yetu, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Na kwa woga wetu huo, nusura darasa la watu life.

Alituletea vitabu, akavipanga mbele ya bibi. Bibi akachagua kimoja chenye picha ya mzinga, akakifunua, akaweka kidole kwenye mstari. Nikataka kumsaidia, akanipiga kijikofi cha mkono. Midomo ikachezacheza. "Ma... ma-l-ki-a... malkia. Wa... nyu... nyuki." Alisoma kwa sauti, maana hakujua kusoma kwingine. Mkutubi hakumnyamazisha. Kijana wa meza ya pili alifunga kitabu chake akawa anamsikiliza. Bibi alipofika kwenye nukta aliinua uso, na uso ule, mwanangu, nitauona mpaka naingia kaburini.

"Hili sikulikariri!" akasema. "Mwalimu, umesikia? Hili sikulikariri!"

Mwalimu gani, mimi nilikuwa nalia kama mtoto mchanga.

Tulirudi Igalula na sanduku la vitabu, tukiwa tumeahidi kuvirudisha na kuchukua vingine, na tulifanya hivyo kwa miaka. Wale wa mbuzi wakaonekana tena. Mzee Ngasa alikuwa akikipokea kitabu anakizungusha kwanza, kuhakikisha kichwa kiko juu, na darasa zima linaangua kicheko. Leo wote wale wametangulia. Ghala limebaki kuta, na mimi kila nikipita pale nasikia "kikapu, kikapu," watu wazima wanaitikia kwa pamoja. Nawakumbuka mno. Wakati mwingine nawakumbuka mpaka nakosa hamu ya kula.

Ndiyo maana uliponiambia jana kwamba umegeuka mlangoni, nilisikia uchungu. Unajua humo ndani kuna nini? Kuna habari za wapagazi. Kuna bega la baba yake Bibi Kalunde, limeandikwa na watu ambao pengine hata jina lake hawakumuuliza. Mzigo ni wa kwenu, wewe unasimama juani! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kuinama si kurudi nyumbani. Wakitaka kitambulisho, waonyeshe. Wakisema mkoba ubaki nje, uache. Vitabu usivikunje, na usipige kelele kama bibi yako yule, hizo ni adabu za nyumba, hata mwenye nyumba anazifuata. Usichokijua kiulize, kuuliza si ujinga. Wenye mvi uliowaona nao walianza na ma-l-ki-a. Woga tu ndio usiingie nao, hauna kiti mle.

Na jambo moja zaidi, hili ni langu, si la Bibi Kalunde. Ukishakuwa ndani, umezoea, umepata meza yako karibu na dirisha, inua macho mara moja moja utazame mlangoni. Utamwona mtoto wa mtu amesimama pale, anasitasita na viatu vyake vya kuazima. Usitabasamu halafu ukainama. Nyanyuka umwambie karibu, hata kama ukutani wameandika kimya.

Mola akupe macho yasiyochoka na kifua cha kuingilia, mjukuu wangu, na unachokipata humo akijalie kifike na huku kwetu. Kesho asubuhi nenda. Wakikuuliza unamtafuta nani, unalijua jibu.