Mlinzi wa Mlango wa Duka la Dawa

Mlinzi wa duka letu la dawa, hapa Medellín, alikuwa na vidole vilivyopasuka kwa kufuta vitambulisho vya watu kwa spiriti. Miezi ile ya kufungiwa ndani kwa korona, tarakimu ya mwisho ya kitambulisho ndiyo iliyoamua siku yako ya kutoka, naye aliisoma kwa sauti nzito, kitambulisho amekishika mbali na macho. Insulini ya mama ilikuwa imeisha, nikamsindikiza hadi pale mlangoni siku yake ilipofika; kitambulisho chake kilikuwa cha zamani, cha enzi za usichana.

“Huyu si wewe, bibi.”

“Ni mimi kabla ya kuzaa sita, kijana!”

Akamwambia ashushe barakoa. Mama akaishusha, amenuna. Mlinzi akaitazama picha, akamtazama yeye, akacheka mpaka akaegemea mlango.

“Kununa ni kulekule! Pita, mama.”

Mama akatoka na dawa mkononi, bado amenuna. Mimi nikakaa ukingoni mwa barabara nikicheka.