Kaseti Kutoka Ng'ambo

Harufu ya maganda ya kahawa yanayooza ikinipata popote, hata iwe sokoni mbele za watu, narudi kuwa mtoto wa miaka kumi. Ni harufu kali yenye uchachu, kama ndizi zilizosahauliwa kwenye mtungi, na ndani yake mimi nasikia pia mafuta ya cherehani, mafuta ya taa, na bati lililopigwa na jua. Hivyo ndivyo lilivyonukia gari letu kule Kalinzi, msimu mmoja wa mavuno ambao nimekaa nao zaidi ya miaka thelathini bila kuuelewa. Nimejaribu kuuelewa nikiwa msichana, nikiwa mke, nikiwa mama wa watoto wanne. Ukubwani, nilipojiunga na darasa la jioni, mwalimu alituambia tuandike habari ya utotoni. Niliandika juu ya kuchota maji ziwani. Hii niliiogopa.

Baba alikuwa fundi cherehani wa Ujiji. Gari alilipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anazunguka nchi kwa nchi, analala humo humo ndani. Likamharibikia kwetu, akasubiri vipuri mpaka akachoka, akaliuza kwa bei ya kulitupa, akapanda treni. Ndani lilikuwa na kitanda cha kukunja, kabati, jiko dogo na mapazia ya maua. Baba akalitengenezesha, akafunga cherehani mahali pa meza, na kila watu wa Kalinzi walipovuna kahawa na kuwa na hela ya kushona nguo mpya, sisi tulipanda milimani na kuishi garini miezi miwili, gulio hili mpaka gulio lile. Watu walikuwa wanakuja kulishangaa. Bibi mmoja aliyeleta kitenge chake kushonwa alitusalimia, "Mwakeye," akalizunguka gari mara mbili, akamwambia baba, "Fundi, nyumba yako ina miguu. Mke akikukasirikia si atakimbia nayo?" Baba akajibu, "Ufunguo nalala nao, bibi." Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Neno lile liliniingia na likabaki ndani, kama mwiba mdogo usiouona ila ukikanyaga.

Mama yangu alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kalemie, aliolewa Ujiji akiwa bado msichana. Nyumbani kwetu, kwa mama yake baba, redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, mawaidha na matangazo ya vifo, basi. Wimbo ukianza tu, inazimwa. Na aliyekuwa wa kwanza kuizima ni mama. Mama yangu alikuwa mtu wa swala, wa kunyoosha safu ya wanawake msikitini kwa kuwagusa mabega, wa kunifundisha sura fupi fupi huku anasugua sufuria. Nilidhani nyimbo hazipendi. Nilidhani namjua.

Kumbe siri ya mtungi aijuaye kata. Kule Kalinzi, mbali na Ujiji, mbali na nguzo yoyote ya umeme, mama alitoa redio kaseti kutoka chini ya kitanda, na baba hakusema kitu. Ilikula betri sita kubwa, na betri zilikuwa hazipatikani kirahisi, kwa hiyo zilitunzwa kama mayai. Mimi ndiye nilikuwa mwanikaji. Kila asubuhi nilipanda juu ya gari nikazipanga betri kwenye bati, nikazigeuza jua lilipogeuka, na baada ya alasiri nikazishusha zikiwa za moto kiasi cha kuzirusha mkono huu na huu. Zikichoka sana tulizing'ata ubavuni, na zikapata nguvu ya wimbo mmoja zaidi. Baba aliweka sheria: nyimbo tatu, kisha zitolewe. Zikifa kabisa kulikuwa na njia nyingine, nyaya mbili zenye meno za kuunganisha redio na betri ya gari chini ya kiti. Hiyo ilikuwa marufuku bila yeye kuwepo. "Redio ikila betri ya gari," alisema, "sisi tutaota mizizi hapa kama migomba."

Na mama alibadilika. Nitasemaje? Wimbo ukianza, gitaa zile za ng'ambo zinazokimbizana kama watoto, mama aliendelea kuchambua mchele lakini mabega yake yalikuwa yanazungumza na mtu nisiyemwona. Alijua maneno yote. Alitabasamu tabasamu ambalo halikuwa langu wala la baba. Nilikuwa nakaa mlangoni namtazama mgongo, najiuliza huyu ni nani, na yule anayezima redio nyumbani ni nani, na ni yupi atakayebaki. Ikifika magharibi alitawadha, akasali vile vile kwa utulivu wake, na hilo ndilo lilinichanganya zaidi. Ningemwona ana haya, ningeelewa. Hakuwa na haya.

Siku moja mchuuzi wa dagaa aliyepanda kutoka Kibirizi, ufukweni, alimletea kaseti iliyofungwa kwenye kitambaa. Kwa watu wa mama hiyo ndiyo ilikuwa barua. Wengi wao hawakuandika, basi walikaa mbele ya redio, wakasema salamu zao, wakarekodi nyimbo katikati ili msikilizaji asichoke, wakampa mtu wa boti. Tuliisikiliza sote watatu alasiri ile. Wimbo wa kwanza, kisha kicheko cha watoto nisiowajua, kisha wimbo wa pili, halafu ikaja sauti ya mjomba, karibu sana, kama yuko kitandani pale pale. "Yaya Zaina, kuya. Mama ni mugonjwa. Anakuita wewe tu. Kuya mbio." Kwao yaya ni dada, na kuya ni njoo. Nyuma yake mtu alikuwa anakohoa. Kisha, bila kungoja hata pumzi moja, wimbo wa tatu ukaanza, wa furaha, na hakuna kati yetu aliyenyoosha mkono kuuzima. Tukausikiliza mpaka mwisho, mama machozi yanamtiririka na mabega yake yanafuata ngoma. Mpaka leo sijaona kitu kama kile.

Baba alisema boti la kwenda ng'ambo linaondoka Kibirizi kesho jioni, kabla ya magharibi. Yeye angekabidhi nguo za watu asubuhi, tungeteremka baada ya adhuhuri, mama angewahi. "Nenda ukamwone mama yako," alimwambia. Mama akaitikia kwa kichwa. Hakusema atarudi lini. Nilisubiri aseme, nikiwa nimejifunika shuka mpaka machoni, na hakusema.

Asubuhi baba alikuwa kwenye gulio na nguo zake. Mama alichukua beseni akaenda mtoni kufua, akaniambia, "Hadija, linda gari." Nililinda kwa namna yangu. Nilifungua chini ya kiti, nikaunganisha zile nyaya mbili, nikawasha redio. Kisha nikafikiri redio peke yake itachelewa. Ufunguo baba alikuwa nao mfukoni, lakini taa za mbele za gari lile hazikutaka ufunguo, ilitosha kuvuta kitufe. Nikavuta. Jua lilikuwa kali, watu wote walikuwa gulioni, na nani huangalia taa za gari mchana? Nikakaa ndani na pazia limefungwa. Ile kaseti ikaimba upande mmoja, nikaigeuza, ikaimba upande wa pili. Mjomba akasema kuya, na mimi nikamjibu haji. Nilisema kwa sauti. Sikuwa na ubaya na bibi yangu yule, naapa. Sikuwa namjua. Nilimjua mama tu, na nilijua kwamba wimbo ule ulikuwa unamvuta kwa kamba, na mimi nilikuwa nakata kamba.

Sauti ilipoanza kuwa nzito na ya kusuasua, nilichungulia taa nikaziona nyekundu kama makaa yanayolala. Nikazizima, nikarudisha kila kitu mahali pake. Haukupita muda mama akaja kutoka mtoni. Nilimpokea beseni. Nakumbuka nguo za juu zilikuwa zimeshakauka, zimekakamaa kwa jua, na mimi nikashangaa kidogo, kisha nikasahau, maana nilikuwa na kubwa la kuogopa.

Baada ya adhuhuri baba aligeuza ufunguo na gari likatoa mlio kama kikohozi cha mbuzi. Akageuza tena, kimya. Kwa kawaida baba aliegesha pua ikielekea mteremko, ili betri ikigoma tusukume. Pale tulipoegesha safari ile palikuwa tambarare yenye mchanga. Vijana sita wakaja kusukuma, wakiimba na kutaniana. "Fundi, tia uzi!" mmoja akapiga kelele. "Litieni vifungo!" mwingine akajibu. Magurudumu yakazama tu. Baba akasimama, uso umelowa jasho, akaniangalia mimi. "Nani kachezea betri?" Kabla sijafungua mdomo mama akasema, taratibu, "Betri ni nzee, Baba Hadija. Imekufa kwa uzee." Baba akaenda kusimama barabarani kungoja gari. Mpaka lori la kahawa lilipopita na dereva akatuazima betri yake, jua lilikuwa limeshaanguka upande wa ziwa. Tulifika Kibirizi tukaliona boti kwa mbali, dogo kama punje ya mchele.

Boti lililofuata lilikuwa baada ya siku nne. Siku ya tatu wale wale wachuuzi wa dagaa walileta habari kwamba bibi amezikwa. Mama alisema inna lillahi, akakaa kwenye mkeka wa msiba nyumbani Ujiji, watu wakaja kutoa pole. Hakuvuka. Redio kaseti ikarudi chini ya kitanda, na mwaka uliofuata hatukupanda nayo Kalinzi. Mimi sikusema. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wangu uliniishia ndani. Nilipobaleghe nilianza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Watu wa Buzebazeba, nilikoolewa, walinisifu kwa ibada. Sikuwaambia kwamba kila funga ilikuwa na jina la bibi mmoja anayekohoa nyuma ya mjomba. Nimelea watoto wangu kwa ukweli, nimewachapa kwa uongo mdogo, huku mimi mwenyewe nimebeba mkubwa. Ulifika wakati sikujua tena kama namwabudu Mola au namkimbia.

Baba alishafariki, Mungu amrehemu. Mama anaishi nami. Mwaka huu, baada ya alasiri, tulikuwa tunachambua maharage ukumbini, na sijui ni nini kilinisukuma. Labda ni mikono yake, imekuwa midogo. Nikamwambia. Nilisema yote, nyaya, taa, kaseti pande mbili, nikiwa nimeinamisha kichwa kwenye ungo kama mtoto. Nilingoja alie, au anilaani, au anisamehe.

Mama alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akaliweka pembeni.

"Niliziona," akasema.

"Nini, mama?"

"Taa. Nilikuwa natoka mtoni, nimefika pale njia inapokunja, nikaona gari linanitazama kwa macho yake mawili. Nikasikia na sauti ya Ramazani ananiita." Ramazani ndiye mjomba.

"Mbona hukuja kuzizima?"

"Nilitua beseni. Nikakaa kwenye jiwe."

"Ukafanya nini?"

"Nikasubiri ziishe."

Nikakumbuka zile nguo zilizokauka juu ya beseni. Yeye aliendelea kuchambua, akasema kama anayezungumza na maharage, "Mimi nilijijua, mwanangu. Ningevuka, nisingerudi." Nilikaa pale nikijaribu kufurahi. Mama alinichagua mimi, si ndivyo? Ndicho nilichokitaka nikiwa na miaka kumi, nacho nilikipata. Lakini mama yake alikufa akimwita, na sisi wawili, mmoja ndani ya gari na mmoja juu ya jiwe, kila mtu peke yake, tulikuwa tunasubiri betri ile ile ife. Miaka yote nimeomba toba. Sasa nikiinua mikono sijui naombea kosa la nani, na sijui kama lilikuwa kosa, na sijui kwa nini alinyamaza wakati mimi nafunga mbele ya macho yake.

Siku hizi juu ya bati letu hatuaniki betri. Kuna sola, umeme ukikatika nyumba haijui. Kalinzi nasikia watu wana redio zinazoimba kutwa kucha. Binti yangu Sauda ana simu, na hiyo jioni aliingia ukumbini akiwa amefungulia wimbo wa ng'ambo, gitaa zile zile zinazokimbizana, maana vijana wa sasa wamezirudia. Nilitaka kumwambia azime. Nikamtazama mama. Mabega yake yalikuwa yametulia lakini vidole vilikuwa vimeacha maharage.

"Sauda," mama akamwita, "hiyo yako inaimba mpaka lini?"

"Haiishi, Bibi. Ikifika mwisho inaanza yenyewe tena."

"Na betri?"

"Sola hiyo, Bibi wangu," Sauda akacheka. "Hainyamazi mpaka mtu uizime mwenyewe."

Mama aliinyooshea mkono ile simu. Mkono ukafika katikati ya ungo, ukasimama hapo, kisha akaurudisha mapajani, nasi watatu tukakaa tunasikiliza.