Gonga Ubavu wa Mtumbwi

Nakumbuka asubuhi moja ambayo niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa nimelala mkekani nyumbani kwa mjomba wangu, karibu na mahali mto Momba unapoingia Ziwa Rukwa, na giza lilikuwa bado halijaamua kuondoka. Kutoka majini ikaja sauti ya mti ukigonga mti: ko. Kisha kimya. Kisha tena: ko. Sikuona ziwa wala mtu, lakini nilijua ni rafiki yangu Sichone, ameshakaa ndani ya mtumbwi wake, anagonga kafi ubavuni kutuita.

Keti kidogo, mjukuu wangu. Wenzako wako nje na mizigo, nawasikia wakicheka, lakini hilo lori la kuvuka mpaka bado halijajaza watu. Tunduma hii naijua. Mwenda pole hajikwai.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Mimi si mtoto wa ziwa. Nilizaliwa juu, Ihanda, kwenye kahawa na baridi, ambako maji mengi tuliyoyajua ni yale ya mtungini. Baba alinishusha kwa mjomba nimsaidie kazi ya chumvi, na huko nikapata marafiki wawili. Sichone alikuwa na mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Yona, binamu yake, alikuwa mwembamba, mpole, na aliimba kila alipokuwa juu ya maji, kana kwamba ziwa ni mtoto wa kubembelezwa. Walizaliwa pale. Walikuwa wakiingia mtumbwini kama wewe unavyoingia jikoni.

Tulikuwa na mchezo wetu ambao wazee hawakuuelewa. Siku zisizo na kazi tuliazima mitumbwi midogo, ile ya kukaa mtu mmoja, tukaenda kuambaa ufuko kwa upande ambako milima ya Ufipa inakaribia maji na kuyasimamia kama ukuta. Hatukuvua. Hatukubeba kitu. Tulikwenda kuona tu.

"Mnakwenda kutega nyavu?" bibi yake Sichone alituuliza asubuhi ile.

"Hapana, bibi."

"Mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu."

"Basi mnakwenda ili samaki wawatazame," akasema, akarudi kwenye moto wake.

Lakini mkaa bure si sawa na mtembea bure. Mambo niliyoyaona katika safari zile bado ninayaota hata sasa. Miaka ile ziwa lilikuwa limejaa, likameza mbuga na mashamba. Miti iliyozama ilikuwa imekufa ikiwa imesimama, myeupe, haina jani, na kila tawi lilikuwa na ndege mwari aliyekunja shingo. Tulipita katikati yake polepole. Maji ya Rukwa ni mazito, rangi ya majivu, hayakuonyeshi kilicho chini. Lakini Sichone aliyajua yote yaliyolala huko. "Punguzeni kelele," alisema, "hapa tulipo ni kwa shangazi, tunapita juu ya kitanda chake." Na Yona akashusha sauti ya wimbo wake kweli, akapita juu ya nyumba ya shangazi kama mgeni anayevua viatu. Mbele yetu miamba ilishuka hadi majini, myekundu juu, myeusi chini, na vijito vyembamba vikateremka kutoka huko juu bila haraka. Makafi yalipoinuka, matone yalidondoka mstarini nyuma yetu. Nilidhani dunia nzima ilikuwa imelala na sisi ndio ndoto yake.

Sasa nikwambie jinsi tulivyokwenda. Sichone mbele, Yona katikati, mimi nyuma. Hatukupanga, ulikuwa mpangilio wa nguvu. Mimi nilipiga kafi mara kushoto mara kulia na mtumbwi ukazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Sichone aligeuka akanitazama, akapaza sauti mpaka miamba ikamrudishia:

"We Lameki! Unapiga kafi au unakoroga uji?"

"Anakoroga," Yona akasema. "Tena una madonge."

Unacheka. Hata baba yako alicheka hapo. Cheka, mwanangu, lakini usikomee hapo kama yeye.

Walikuwa na desturi moja watu wa ufuko ule, na Sichone alikuwa amenifundisha siku ya kwanza. Anayesafiri na wenzake hugonga ubavu wa mtumbwi mara moja moja, kuwaambia: nipo. Anayepata shida hugonga mfululizo, bila kuacha, mpaka wamfikie. Sauti ya mti juu ya maji huenda mbali kuliko sauti ya koo. Jambo jepesi. Mtoto wa miaka mitano alilijua.

Mchana ule moto wa mbuga uliwaka huko juu milimani, kama ulivyowaka kila kiangazi, na upepo ukaukunja moshi ukaumwaga ziwani. Ulishuka taratibu, mweupe, ukinukia majani makavu. Kwanza ukafunika vilele. Kisha ukafunika miamba. Kisha nikamwona Sichone akiwa nusu mtu, na Yona akiwa kivuli kinachoimba, halafu nikabaki na wimbo peke yake.

Hapo ndipo mtumbwi wangu ulipopanda kisiki kilichojificha chini ya maji. Nilisikia ufa ukilia chini ya miguu yangu. Maji yakaanza kuingia. Hayakuingia kwa hasira, yaliingia kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa. Nilichota kwa kibuyu. Yakaingia. Nilichota tena.

Kutoka ndani ya moshi ikaja: ko. Sichone aliuliza kama nipo.

Kafi lilikuwa magotini pangu. Nikaliinua, na mkono ukagoma. Nilifikiri hivi: nikigonga mfululizo watarudi, watanikuta nimepanda kisiki ambacho mtoto angekikwepa, na habari ya uji itanifuata mpaka siku ya harusi yangu. Ngoja niuzibe ufa kwanza. Ngoja nijiokoe, kisha nitawafikia nikicheka, nao hawatajua. Basi nikagonga mara moja tu, kwa sauti ya mtu mwenye raha zake. Ko. Nipo.

Wakaamini. Kwa nini wasiamini? Wakaendelea mbele.

Niliuziba ufa kwa kitambaa cha kichwani, nacho kikatoka. Niliuziba tena. Mtumbwi ukashuka mpaka maji yakafika kiunoni, nikauacha, nikakumbatia mti mmojawapo wa ile miti myeupe, na kafi kwapani. Mtumbwi ukageuka tumbo juu, ukaenda zake ndani ya moshi. Nikasikia tena: ko. Sasa ilitoka mbali. Nami, miguu ikiwa majini, katika ziwa ambalo mamba wake hawahesabiki, bado nilikuwa natunga maneno ya kuwaambia ili nisichekwe. Hivyo ndivyo aibu ilivyo, mwanangu. Inakushika shingo huku ikikuambia inakushika mkono.

Ikaja hali nisiyoweza kuieleza vizuri. Moshi uliingiwa na jua ukawa wa dhahabu. Maji hayakusikika. Nilianza kuona maua ya kahawa ya Ihanda, meupe, yameanguka kote juu ya ziwa, na mama yangu akitembea kati yake bila kulowa. Mikono ilikuwa inalegea, nami nilikuwa naona raha. Nasema raha. Mtu anayepotea kimyakimya hapotei kwa uchungu kila mara. Wakati mwingine hubembelezwa.

Kilichonitoa huko ni ndege. Juu kabisa ya mti wangu alikuwepo furukombe, sikumwona, ila alilia ghafla, sauti yake kali ile inayopasua anga. Akalia kama aliyeporwa mali yake. Na ng'ambo, ndani ya moshi, mwenzake akaitika. Akalia tena. Akaitikiwa tena. Nikasema moyoni: huyu ni mfalme wa ziwa, ana makucha na ana mabawa, na bado anaita mwenzake mbele ya kila mtu, bila aibu. Mimi ni nani?

Nikalitoa kafi kwapani, nikaupiga ule mti. Ulikuwa mkavu, una uwazi ndani, ukalia kama ngoma. Ko ko ko ko ko! Nilipiga nikilia, nikapiga nikiita mama, nikapiga mpaka viganja vikachubuka. Mwari wote wakaruka. Wimbo wa Yona ukakatika. Kisha nikasikia makafi mawili yakichota maji kwa nguvu, na sauti ya Sichone, ambayo haikuwa na utani hata chembe, ikiita: "Usiache! Lameki, usiache kugonga! Tunakuja kwa sauti yako!"

Walinikuta jua likielekea milimani. Yona alinivuta ndani ya mtumbwi wake, ambao haukuwa wa watu wawili, nasi tukarudi tukiwa tumekaa kama mayai. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeimba.

Bibi yake Sichone alikuwa ufukoni. Alikuwa ameuona mtumbwi wangu ukija peke yake, tumbo juu, kabla ya kutuona sisi. Hakupiga kelele. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza:

"Nani alikuwa mbele?"

"Mimi, bibi," Sichone akajibu.

"Na nyuma?"

"Lameki."

"Anayelijua ziwa yuko mbele, asiyelijua yuko nyuma. Nani aliwafundisha kuongozana hivyo? Hata mbuzi, Sichone. Hata mbuzi! Mchungaji hukaa wapi?"

"Nyuma, bibi."

"Kwa nini?"

"Ili amwone anayechechemea."

"Kumbe unajua." Akanigeukia mimi. "Na wewe mtoto wa mlimani. Kafi ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Mkono ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima, bibi."

"Basi ziwa msilisingizie," akasema. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Leo kilio chenyewe kingekuwa cha mama yako."

Alitupeleka jikoni kwake. Chungu kilikuwa motoni, na bila shaka Yona alikuwa amemnong'oneza kisa chote, kwa sababu yule bibi alichukua mwiko, akaniwekea mkononi, akasema kwa uso mkavu kabisa: "Haya, koroga uji. Nasikia unajua."

Nyumba ikalipuka. Sichone alianguka chini akashika mbavu. Yona alitoa machozi. Nami, mwanangu, nilikoroga nikicheka kuliko wote, na huku nacheka nikashangaa: hiki ndicho? Kicheko nilichokiogopa kuliko mamba, ambacho nilikuwa tayari kufa nisikisikie, kumbe kilikuwa na uzito wa povu la uji. Na uji ule ulikuwa na madonge kweli.

Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekaa mbele. Tulikwenda kwa mwendo wangu. Sichone alilalamika mara ya kwanza. Baadaye alikiri kwamba alikuwa hajawahi kuona jinsi vivuli vya miamba vinavyotembea juu ya maji, kwa sababu alikuwa anavipita.

Sasa nalisema lililonifanya nikuketishe.

Baba yako nilimsimulia haya alipokuwa mdogo. Aliipenda sehemu ya uji, akawa ananiomba niirudie, na kila nilipofika kwenye moshi alikuwa ameshalala. Alipokua akavuka mpaka huu kwenda machimboni, Kitwe hiyo hiyo unayokwenda wewe. Kila aliyerudi alituletea salamu: anasema yuko salama. Nipo. Nipo. Kumbe kazi ilikuwa imekwisha zamani, na kifua kilikuwa kinamla katika chumba cha watu, naye aliona aibu kurudi mikono mitupu. Tulijua siku walipotuletea begi lake bila yeye. Ningeuza kahawa, ningeuza bati la nyumba hii. Ningekwenda kumbeba mgongoni. Lakini nilisikia mara moja moja tu, nikaamini.

Nenda kwenye hiyo kazi yako ya ushonaji, mwanangu. Sikuzuii, safari ya kwenda kuona dunia ni njema hata kama samaki ndio watakaokutazama. Mko watatu. Mwenye mzigo mzito kati yenu mtangulizeni mbele, mwenye nguvu akae nyuma. Ukisikia mwenzako anasema yuko salama, geuka umtazame uso. Na siku cherehani itakapokataa, siku mwili utakapouma, siku utakapokosea jambo ambalo mtoto angelikwepa, usinitumie salamu za nipo. Gonga mfululizo. Gonga mpaka nichoke kusikia. Tutakucheka, ndiyo, mimi wa kwanza, na huku tunacheka tutakuwa njiani tunakuja.

Inamisha kichwa. Mungu aliyenipa mti mkavu katikati ya maji akupe nawe kitu cha kushika. Akupe wenzi wenye masikio. Mkono wako usigome, na mlango huu usikusahau, hata ukirudi bila shilingi.

Haya, wanakuita. Vuta mlango ukitoka, upepo wa asubuhi ni mbaya kwa kifua changu. Ukishaufunga, ugonge mara moja, nisikie.

Mjukuu wangu akachukua furushi lake. Mlango ukafungwa nyuma yake, chumba kikaingia giza, nami nikakaa nimeinamisha sikio, mpaka ubao ukalia kutoka nje: ko.