Mfenesi wa Sudalaimuthu

Mama Pechiammal alikuwa hapatani na mambo mawili nyumbani kwake: mkazamwana anayeua wadudu, na mfenesi mkavu uliosimama uani. La kwanza alikuwa amelivumilia miaka nenda rudi. La pili lilimshinda.

Mfenesi huo aliupanda mwenyewe wiki aliyomzaa Sudalaimuthu, mwanawe wa pekee. Sudalaimuthu alipofariki ghafla kwa moyo, karani wa posta aliyekuwa amekaribia kustaafu, mti nao ukaanza kukauka kutoka juu. Mwaka haukuisha ukawa mifupa mitupu. Haya niambie, mama gani atafungua mlango wa jikoni kila asubuhi autazame mti huo kisha anywe kahawa yake kwa raha?

"Kothai," alimwambia mkazamwana, "Bogi ikifika, mti huu uende."

Bogi ndiyo ile siku ya kuamkia sikukuu ya mavuno, mji mzima wa Tenkasi, kusini mwa India, unapotoa vikuukuu nje na kuvitia moto. Kothai alikubali. Angefanyaje? Lakini moyo wake ulibaki kule juu kwenye matawi.

Kothai alifundisha chuo cha wasichana, na kazi aliyoipenda kupita zote ilikuwa kuchunguza wadudu wadogo waitwao thripsi. Si wale wanaowaliza wakulima wa vitunguu, la. Wake ni weusi, wembamba, hawafiki punje ya mchele, na chakula chao ni kuvu inayoota kwenye matawi makavu. Kuwapata si kazi ya ajabu. Unageuza mwavuli chini ya tawi, unaligonga kwa fimbo, wanadondoka. Na mshika mwavuli, miaka yote ya ndoa, alikuwa Sudalaimuthu. Jumapili wenzake wakienda kuoga kwenye maporomoko, yeye yuko msituni, mwavuli umeangalia mbingu.

"Bwana Muthu," walimtania posta, "kwenu mvua inanyesha kutoka chini?"

Naye akacheka nao. Hakujua jina la mdudu hata mmoja. Alichojua ni kwamba mkewe akipata kitu kipya huimba puani njia nzima ya kurudi, na hilo lilimtosha.

Sasa sikia mambo. Kwenye mfenesi huohuo, baada ya msiba, Kothai akapata jike moja ambalo hakuwahi kuliona kokote. Akampelekea picha Daktari Kasturi, rafiki yake wa tangu masomoni, mtaalamu wa wadudu aliyeko Chennai. Kasturi akapiga simu.

"Shoga, huyu mpya, nakula kiapo. Lakini jike moja tu? Unawajua hawa, ndugu wa tumbo moja mmoja jitu mwingine kibete, utadhani si aina moja. Nitafutie na dume, la sivyo tutachekwa."

Kothai hakuogopa kuchekwa. Alichotaka ni jina, maana anayemtangaza mdudu mpya ndiye humpa jina. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto, na kwao jina la marehemu hubebwa na mjukuu. La Sudalaimuthu halikuwa na wa kulibeba. Alitaka mdudu huyu alibebe, na hilo hakumwambia mtu, hata mama mkwe wake.

Basi asubuhi moja, kesho yake ikiwa Bogi, akatoka uani na mwavuli. Bega lake la kushoto lilikuwa bovu. Akaubana mwavuli kwa magoti, akagonga tawi, mwavuli ukaanguka, kila kitu kikamwagika mchangani. Akauokota, akabana tena, ukaanguka tena. Mama Pechiammal alikuwa mlangoni akichora maua yake ya unga wa mchele, ambayo chungu huja kuyala, ndiyo sadaka yake ya kila siku. Akasimama, mkono kiunoni.

"Ewe Kothai! Hiyo ngoma ya wapi?"

"Natafuta dume, Mama."

"Kwa umri huo?"

Kothai akacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba, na kicheko kikafungua na machozi, vikatoka pamoja. Akamwambia yote, la jina na la Kasturi. Muda wote huo bibi kizee alidhani mkazamwana anaupenda mti kwa ajili ya wadudu tu.

"Jina la mwanangu? Lote?"

"Lote. Litatamkwa hadi Brazili."

"Watajing'ata ulimi." Akajifuta unga mikononi. "Lete huo mwavuli."

Akaushika kwa mikono miwili, amejikunja kibiongo, na Kothai akagonga. Zikaanguka takataka, magome na chungu.

"Taratibu, hao chungu wangu!"

Kwenye gome moja kulikuwa na jike kama lile la kwanza, limesimama juu ya mayai. Kothai akampa bibi kioo cha kukuzia, akampulizia yule mdudu. Hakutoka.

"Mbona hakimbii?"

"Analinda mayai."

"Huyu usimguse."

"Simgusi, Mama."

Pembeni yake alikuwako mwingine, miguu ya mbele minene: dume. Kothai akachukua brashi, lakini kwa bega lile bovu hakuweza kulituliza gome. Bibi akamnyang'anya. Vidole vile vilitunga mashada ya asumini maisha yote. Ila brashi ikasita.

"Lazima afe?"

"Lazima. Asipokaa kwenye kioo cha kuhifadhia, jina halina pa kukaa."

Bibi akainama mpaka pua ikakaribia gome. "Nisamehe, baba," akamwambia, akamnyanyua polepole, akamtia kwenye spiriti.

Siku ya Bogi seremala Mariappan aliuangusha mfenesi, shina akalichukua kwa ajili ya milango, matawi yakawaka. Tawi moja lilibaki, likafungwa kwenye ua wa nyuma pamoja na lile gome la jike na mayai. "Hilo ukiligusa," bibi alimwambia seremala, "tutajuana mimi na wewe."

Mvua zikaja, zikapita, taarifa ya mdudu mpya ikatoka kwenye jarida la wataalamu. Kothai akamletea mama mkwe kile kioo chenye dume, na vikaratasi viwili vimebandikwa, kimoja kila ncha.

"Hapa ni jina lake, Sudalaimuthu, na kamkia kadogo ka Kilatini, wataalamu hawaachi jina bila mkia. Na huku ni mahali, siku, na aliyeokota."

"Nani aliyeokota?"

"Pechiammal."

Bibi akakiinua kioo kwenye mwanga wa mlango wa jikoni.

"Yaani mtu akija kusoma hapa, mimi nimeshakufa, atajua Sudalaimuthu aliokotwa na mama yake?"

"Atajua, Mama."

Akaifuta alama ya kidole chake kwa ncha ya sari, taratibu, akamrudishia.

"Kiweke mahali pakavu," akasema. "Huyo alikuwa hapendi baridi."