Mama Mzee Niliyemhamishia Shasha

Jamani, mkitaka kucheka mcheke kidogo kidogo, maana mpaka leo nikipita mbele ya ukumbi wa parokia yetu hapa Masisi masikio yananiwaka moto, na aibu yenyewe (naapa) ilianza kwa nia njema kabisa, nia ya kumfurahisha mama mkwe.

Niwaeleze kwanza tunavyosoma. Sisi wanawake tuna kikundi, tunakutana humo ukumbini Jumamosi mchana, kila mtu na ungo wake wa maharagwe ya kuchambua, na mmoja anasoma. Vitabu vinatufikia kwa malori ya wafanyabiashara wa Butembo, karibu vyote kwa Kifaransa, na Kifaransa kwa wengi wetu ni shida tupu, kwa hiyo msomaji anapitisha macho kwenye ukurasa halafu anasimulia kwa Kiswahili papo hapo. Na hatutafsiri tu, tunahamisha! Mtu wa kitabuni akila mkate sisi tunampa ugali na sombe ya majani ya muhogo, akipanda treni tunampakia pikipiki ya kwenda Sake, na lazima apewe kijiji, maana akina mama wa huku hawawezi kumlilia mtu wasiyemjua anatoka wapi.

Sasa siku ya kuchagua kitabu kipya ndiyo siku tamu kuliko zote. Wanawake wawili wanaleta kila mmoja kitabu chake, wanasoma mwanzo, kisha tunapiga kura kwa maharagwe, kila mtu punje moja, anaitupa kwenye kikapu cha kitabu anachokitaka. Safari hii nilishindana na Mama Espérance, direktrisi wa shule ya msingi, mwanamke ambaye Kifaransa chake kimepigwa pasi. Yeye alileta kitabu cha mjane anayejenga nyumba. Mimi nilileta hadithi ya bibi harusi anayefika ukweni usiku wa mvua, kitabu chenye mwavuli mwekundu kwenye jalada, na nilikuwa nimetangaza kisimani na sokoni kwamba nimekisoma chote na ni kitamu mpaka mwisho (nilikuwa nimesoma kurasa chache tu, mtoto akalia, sombe ikaungua, nikakifunga).

Na juma hilo hilo, barabara ilipotulia, mama mkwe akapanda kutoka Shasha, kijijini kwao kando ya ziwa.

Hapo niliogopa, nisiwafiche. Tangu niolewe mama huyu hakuwahi kulala kwangu. Alikuja kwenye misiba tu, anakunywa chai amesimama, anarudi. Mimi ni mtu wa Mpofi, kule Walikale, mbali, na nilijua kwao walisema kijana wao ameokota mke msituni. Nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, kwamba arudi Shasha akisema ana binti Masisi. Basi nikampeleka mpaka ukumbini, nikamkalisha mbele kabisa, nikampa ungo.

Mama Espérance akasoma kwanza, vizuri, kwa kunyooka, na wamama wakaitikia kwa adabu. Ikafika zamu yangu. Bibi harusi anafika amelowa. Mlango unafunguliwa na mama mzee, mama wa bwana harusi, anamwosha miguu kwa maji ya moto, anamfunika blanketi lake mwenyewe, yeye analala bila kujifunika. Mzuri huyo mama, mzuri mpaka basi! Nikamtupia jicho mama mkwe, nikaona ameacha kuchambua, na hapo ndipo kiherehere kikanipanda, nikasema, "Huyu mama alikuwa mutu wa Shasha, anauzisha samaki ya sambaza kando ya ziwa, na akicheka anafunika kinywa na mukono."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama, kwa sababu mama mkwe wakati huo huo alikuwa anacheka, na mkono uko kinywani.

"Lakini njo miye huyu!" akasema. "Batu banasikia? Niko mu kitabu!"

Makofi, vigelegele, mtu akamwaga maharagwe. Ningefunga kitabu pale pale ningekuwa malkia wa Masisi. Lakini wamama wakapiga kelele, "Endelea! Mama wa Shasha alifanya nini tena?" na mama mkwe mwenyewe akanipungia mkono, "Soma, mutoto wangu, soma." Mutoto wangu! Tangu niolewe sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nikafungua ukurasa ambao sijawahi kuuona.

Bibi harusi amelala. Mama mzee anasimama polepole, anachukua taa, anafungua valizi ya mgeni, anaanza kutoa vitambaa vyake vya harusi kimoja baada ya kingine na kuvificha chini ya kitanda chake.

Nikasema eti mama alifungua valizi ili... ili atoe panya. "Panya gani?" wakauliza. Panya mkubwa, nikasema, alimpiga kwa fimbo. Mama Espérance akainuka, akasimama nyuma yangu, akanyoosha shingo juu ya bega langu.

"Panya haiko humu," akasema. "Weye unaruka. Soma vile iko, ao kura yako haina maana."

Nifanye nini? Sheria ni sheria: kuhamisha ruhusa, kubadilisha tendo marufuku. Nikasoma vile iko, sauti imebaki nusu: mama wa Shasha alimwibia bibi harusi vikwembe vyake, na asubuhi akaenda kwa majirani kusema huyu msichana amekuja mikono mitupu. Nikajaribu kumhamisha haraka, nikasema samahani nimekosea, huyu si wa Shasha, ni wa... lakini wapi, maji yakimwagika hayazoleki, wote walikuwa wanamtazama mama mkwe, na mimi natamani ardhi ipasuke.

Akaweka ungo chini. Akasimama. Nikajua anaenda zake, na safari hii harudi hata kwenye msiba wangu.

"Nani alikuambia?" akaniuliza.

"Mama, hakuna, iko kitabu tu..."

"Kikwembe ya kijani," akasema. "Siku ya ndoa yenu. Njo miye niliikamata."

Jamani! Kikwembe changu cha kijani, alichoninunulia marehemu mama yangu! Miaka yote nilimlaumu dereva wa pikipiki aliyebeba mizigo yangu ya harusi, nilimsengenya mpaka akahama njia.

"Nilizaa vijana tu," akasema, akiwaangalia wamama, si mimi. "Kila sikukuu naona wenzangu banavaa kitambaa moja na binti zao. Nikasema huyu muke ya mutoto wangu atanikatia nusu ya kikwembe yake. Hukukata. Kwenu Mpofi labda hamufanyake vile, sikujua. Nikaikamata yote, halafu nikapata haya ya kuivaa. Na haya ya kulala kwako."

Nililia, nisiwadanganye, nililia kwa aibu na furaha pamoja, puani na machoni. Nilikuwa nimemvua mama mzima nguo mbele ya kanisa zima kwa sababu ya uvivu wa kumaliza kitabu! Nikapiga magoti, lakini yeye akakaa tena, akavuta ungo wake.

"Inuka, soma," akasema. "Nataka kujua kama mwenzangu alirudisha."

Kura ilipofika, akachota maharagwe mkono mzima akayamwaga kwenye kikapu changu. Mama Espérance akaruka, "Mama, mutu moja haragi moja!" Naye akajibu, "Hii iko ya Shasha yote. Tumetukanwa, muache tupige kura." Ukumbi ukaanguka kwa kicheko, na Mama Espérance mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta.

Usiku ule mama mkwe alilala kwangu. Akalala na uliofuata, akakataa kuondoka mpaka kitabu changu, kilichoshinda, kiishe, na akaamuru bibi harusi awe mtu wa Mpofi (ambaye, nawaambieni, kuanzia sura ya nne anageuka mvivu na mdomo mrefu, na nilisoma kila neno, Mama Espérance yuko begani). Mwisho wa hadithi yule mama mzee anakufa na vitambaa bado chini ya kitanda. Mama mkwe akavuta pumzi.

"Basi miye namushinda," akasema.

Akashuka Shasha, akarudi na kikwembe cha kijani kimekatwa katikati, sawasawa kabisa. Pasaka tuliingia kanisani tumevaa pamoja, na watu wote wakanyoosha shingo kutazama, maana hadithi ilikuwa imefika hata Sake.

Lakini nimeapa, wenzangu. Dereva wa pikipiki nimeshamwomba msamaha. Na mtu wa kitabuni, awe mzuri wa kuosha miguu ya wageni namna gani, simpi tena kijiji kabla sijamfikisha ukurasa wa mwisho. Atangoja mlangoni, na mvua imnyeshee.