Mawe Mawili ya Mama Akinyi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau. Ilikuwa miaka ya tisini, katika ofisi ya shamba la chai upande wa Kericho. Niliacha shule mapema nikazurura, leo Kedowa, kesho Chepilat, nikichokora kila mashine niliyoikuta. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa pale ofisini, meneja aliniajiri, akaniambia nichague kazi moja ya makarani ambayo itafanywa na mashine.

Nilikaa siku mbili nikipima kwa saa kazi ya kila karani. Iliyochukua muda mrefu zaidi ilikuwa ya Mama Akinyi, karani aliyeandika wachumaji wa chai wasiofika kazini. Alinakili majina yao mara tatu, kisha akaviweka vikaratasi vya manyapara vilivyoleta majina hayo chini ya mawe mawili mezani, vikalala hapo hata siku nzima. Nikaona ni uzembe. Kazi yote nikaipa kompyuta: mtu akikosa siku tatu bila ruhusa, inachapa barua ya kumwachisha kazi na kumtoa kwenye nyumba ya kambi.

Wiki hiyohiyo nikapita kambini. Kitanda cha mchumaji mmoja, Chebet, kilikuwa nje kwenye nyasi, godoro limelowa mvua. Mwenyewe alisimama kando yake, ametoka hospitali na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Barua aliyoishika ilikuwa safi, haina kosa hata moja.

Mama Akinyi alikuwa ameshafika. "Kiprono, mashine yako imezaa barua, Chebet amezaa mtoto. Na wote wako nje."

"Mama, sikujua."

"Ulihesabu dakika zangu. Mbona hukuuliza nazifanyia nini?"

Akanieleza yale mawe ya mezani: moja lilikuwa la watu ambao ameshawaulizia kwa majirani wao kambini. La pili, wale ambao bado. Kwa mtu ambaye kikaratasi chake kilikuwa bado chini ya hilo la pili, hakuna barua iliyowahi kutoka.

Alisimama mlangoni pa meneja mpaka barua ikafutwa, na kitanda tukakirudisha ndani. Kisha nikaanza upya, nikafuata kikaratasi kimoja tangu mkononi mwa nyapara hadi kwenye faili, nikimuuliza kila aliyekishika. Kunakili tukaipa kompyuta. Kuulizia tukamwachia Mama Akinyi.

Basi, mwanangu, kabla hujaipa mashine kazi ya mtu, ifuate hatua kwa hatua, na uulize hasa pale unapodhani hakuna kinachofanyika. Kinachorudiwa bila kufikiri, mashine ichukue. Kinachotaka mtu aulizwe, kibaki kwa mtu. Mungu akupe masikio mapema kuliko mimi, na siku utakayokosekana, asikose wa kukuulizia.