Farasi Aliyejua Kuchechemea

Wakati wa vita kazi yangu ilikuwa kuchafua farasi. Nikisema hivyo watu hunicheka, nami nawaacha wacheke, maana miaka ile hawakuwa huku kwetu Mushaki. Kila asubuhi, kabla sijabeba jibini kwenda kuuza barabarani, nilichota matope pale ng'ombe wanaponywea maji, nikayachanganya na mavi mabichi, nikampaka yule farasi tumboni, mapajani na usoni. Manyoya ya shingo niliyatia mbegu za kishona-nguo mpaka yakashikamana. Nilipomaliza alikuwa anatia huruma, na hapo roho yangu ilitulia kidogo.

Alikuwa farasi mfupi, wa ile mbegu ndogo ambayo mzungu mmoja wa shamba aliileta zamani kwa ajili ya watoto wake. Mgongo wake uliishia hapa kwenye mbavu zangu. Watu wengi walimwita punda, jambo lililoniudhi kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa. Baba yangu ndiye aliyewatunza farasi wa yule mzungu, akawaosha na kuwapeleka kwenye maonyesho kabla mimi sijazaliwa. Mzungu aliondoka, farasi wakapungua mwaka hadi mwaka, mwishowe akabaki jike mmoja tu, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa mengi. Baba alipofariki nikabaki naye mimi. Shamba lilikuwa limenunuliwa na mfanyabiashara wa upande wa Butembo, mtu wa misa kila Jumapili, mwenye duka Goma na malori barabarani. Kwa hiyo farasi alikuwa mali yake, ingawa sidhani kama aliwahi kumpapasa.

Wenye bunduki walipita kwetu kila mara, leo hawa, kesho wale, na wote walitafuta kitu cha kubebea mizigo kwenda Walikale, kule msituni ambako magari hayafiki. Mnyama aliyekwenda huko hakurudi. Ndiyo maana tulijifunza kuficha kila kilichopendeza. Jirani yangu alizipaka masizi sufuria zake mpya hata kabla hazijaona moto. Wanawake tulivaa vitenge vilivyochakaa kwenda barabarani, vile vizuri tukavifukia ndani ya magunia ya maharage. Mimi nilikuwa na farasi, naye huwezi kumtia ndani ya gunia.

Matope yalisaidia mpaka siku moja askari mmoja alipomfuta kwa kiganja, akaona ngozi inang'aa chini yake. Akamshika kamba. Nikamwambia ni mgonjwa, akaniuliza ugonjwa uko wapi, nami sikuwa na cha kumwonyesha. Bahati yangu wenzake walimwita waondoke, akaiachia kamba. Siku ile hata maziwa ya jibini yaliniharibikia. Niliona kwamba safari ijayo nitahitaji ugonjwa unaoonekana kwa macho.

Basi nikamfundisha kuchechemea. Nilimgonga bega la kulia kwa vifundo vya vidole, nikamwinua mguu wa mbele, nikampa chumvi. Nikagonga, nikainua, nikampa chumvi. Farasi wakubwa sijui, lakini huyu mfupi alikuwa na akili kunishinda. Muda si mrefu nilimgonga tu akauinua mwenyewe, kisha akajua kutembea hivyo hivyo, akiruka-ruka kwa miguu mitatu huku kichwa kinapanda na kushuka. Askari wakitokea, nilijisogeza karibu naye, nikagonga bega kwa siri. Wakiondoka, nilimpa chumvi niliyoifunga kwenye pindo la kitenge.

"Mama, iyi punda iko na nini?" waliniuliza.

"Muguu inaumaka, shefu. Ata bidon moja ya maziwa haiwezi kubeba."

"Basi mukule."

"Iko muzee, shefu. Nyama yake itabavunja meno."

Baadaye sikuhitaji hata kumgonga. Akiona tu nguo za askari zinapanda njia ya kwetu, mguu ulikuwa juu kabla mimi sijawaona. Mnafiki mkubwa. Alikuwa amejumlisha mwenyewe kwamba nguo zile huleta chumvi, nami nilijivuna naye kama mama ambaye mtoto wake amepita mtihani.

Kisha ukaja utulivu kidogo. Wafugaji wakakubaliana na padri kufanya maonyesho ya mifugo kwenye uwanja wa parokia, ili watu waone kwamba maisha yamerudi. Mwenye shamba akaja na lori lake, akamkuta farasi wangu ana tope mpaka masikioni, akamzunguka huku amekunja uso.

"Dada, kilema siwezi kuilisha," akasema. "Docteur ataiangalia siku ya maonyesho. Kama iko muzima, itabakia hapa kwako. Kama iko kilema, itapanda mu lori pamoya na ng'ombe za kuchinja."

"Iko muzima, Papa."

"Batu yote banasema inachechemea."

Ningemweleza palepale, lakini dereva alikuwa amesimama karibu na utingo wake, na neno likisikiwa na dereva wa barabara ile, mchana linanunuliwa sokoni Sake. Ikijulikana kwamba farasi anaigiza, askari watamchukua kesho yake. Lori liliposhuka kilima nilibaki na kamba mkononi, nimebanwa pande zote mbili. Nilitaka daktari wa mifugo amwone mzima, na nilitaka askari wasimwone kabisa, na yote mawili yalikuwa katika uwanja mmoja.

Nilimwosha kwa hofu. Kila ndoo ya maji ilimwondolea kinga yake, nami nilikuwa natazama njia kuliko nilivyomtazama yeye. Nilimsugua kwa gunzi la mahindi na sabuni, nikamtoa kupe masikioni, nikazichambua zile mbegu moja moja shingoni, kazi ya kuumiza kucha. Kwato nilizichonga kwa kisu alichoniachia baba, nikazipaka mawese ambayo wanawake wa Walikale huyaleta kutoka upande wa Mpofi, zikang'aa nyekundu-nyeusi. Mkia niliusuka ukiwa mbichi, nikaufumua ulipokauka ili uwe na mawimbi. Alipendeza mpaka nikataka kulia. Sikuwa nimemwona hivyo tangu baba alipokuwa hai.

Nyuma ya nyumba ya jibini nilimfundisha kusimama kama baba alivyonionyesha: miguu minne sawasawa kama ya meza, shingo imenyooka mbele, masikio yamesimama, macho kwenye ngumi yangu yenye chumvi. Halafu kutembea begani kwangu bila kuvutwa, kamba imelegea. Hayo yote alijifunza upesi. Lililonikosesha raha ni habari kwamba komanda wa kambi ya askari amealikwa kuwa mgeni wa heshima. Nilitamani kumzoeza farasi asahau yale mavazi, lakini vazi la kufanyia mazoezi ningelipata wapi? Kukutwa na nguo ya askari ndani ya nyumba kulikuwa kifo. Nilipika, nikawagawia majirani bila kuonja. Mama mmoja wa jirani aliniuliza kama nina mimba, nikamjibu vibaya, na hadi leo hajanisamehe.

Siku ya maonyesho uwanja ulizungushiwa kamba ya katani kwenye nguzo za mkaratusi. Ng'ombe wa Burungu walikuwepo, pembe zao zimepakwa siagi, na mbuzi, na majogoo ndani ya vikapu. Komanda alikaa chini ya turubai na bia mkononi. Niliomba Mungu bia iwe nyingi na turubai lisimruhusu kuona vizuri.

Tulipoitwa, tulipita upande wa mbali na turubai, nami nikajiweka katikati, ili mwili wangu umkinge farasi asizione nguo za komanda. Farasi alitembea vizuri ajabu. Watu waliomwita punda wakanyamaza. Alisimama mbele ya daktari kama meza, akanyoosha shingo. Daktari, mzee mwembamba mwenye koti jeupe, akamfungua mdomo, akapitisha mkono mgongoni, akaniambia tuzunguke tena. Tukazunguka. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, na mwenye shamba kule kwenye kamba akatabasamu. Nilidhani tumevuka.

Ndipo komanda alipoinuka, akaja mwenyewe uwanjani na walinzi wake wawili.

"Iyi njo farasi ya kweli," akasema. "Inaweza kubeba kilo ngapi?"

Mguu wa kulia ukapanda juu.

Watu wakacheka. Farasi akaruka hatua kadhaa kwa miguu mitatu, kichwa kinapanda na kushuka, halafu akanigeukia kutafuta chumvi yake. Ningeweza kumvuta kamba, au kufungua ngumi na kumsimamisha vizuri. Nilijua kwamba akisimama vizuri ataondoka na komanda, na asiposimama ataondoka na lori. Lori lilikuwa la mtu ninayeweza kusema naye. Nikaacha ngumi imefungwa.

"Ulikuwa unatembea vizuri saa hii," komanda alimwambia farasi. Kisha akamgeukia daktari. "Iko na nini?"

Daktari akainama, akaushika ule mguu, akaupapasa kuanzia begani hadi kwatoni, polepole. Haukuwa na joto wala uvimbe, na mtu yeyote wa mifugo angejua. Akaniangalia. Mimi nikaangalia nyasi.

"Kilema, komanda," akasema. "Ya zamani. Inakuyaka na kuenda."

Komanda akasonya, akarudi kwenye bia yake. Sijui yule mzee alielewa nini, na sikupata nafasi ya kumuuliza.

Mwenye shamba alikuwa ameshamwamuru dereva ashushe ubao wa lori. Nikamkimbilia, nikamwomba tusogee nyuma ya ukuta wa parokia, yeye na mimi na farasi tu. Nikamweleza yote kwa sauti ya chini. Hakuniamini. Alisema wafanyakazi wote hutunga hadithi wakitaka kuachiwa kitu.

"Papa, itembeze weye mwenyewe," nikamwambia.

Akaichukua kamba kwa vidole viwili, asichafue suti yake ya misa, akaanza kutembea. Farasi akamfuata kwa miguu yote minne, shwari kabisa. Akaenda, akarudi. Akainama kuutazama mguu, akaninyooshea kidole. Halafu akajiziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, na nikaona machozi ya kicheko yanamtoka yule mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka hata kwenye harusi.

"Weye dada, weye iko mubaya," akasema alipoweza. "Irudishe ku nyumba. Na uichafue."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Jioni ile ile nikachota matope.

Baada ya hapo niliishi na wasiwasi mdogo zaidi, na hilo najua sasa ndilo lililokuwa baya. Vita vilirudi upande wa Burungu, lakini nilijiambia farasi wangu ana dawa yake. Askari wawili watatu walipita, mguu ukapanda, wakaenda zao. Mimi hata sikuacha kukamua.

Asubuhi moja ya mvua wanaume watatu walipanda kutoka bondeni. Walikuwa wamevaa makoti ya mvua na mabuti ya mpira, na fimbo mikononi, kama wachungaji wote wa Masisi. Nilidhani wanatafuta maziwa. Farasi naye alidhani hivyo. Alikuwa hajafungwa, akaacha majani yake, akawaendea hadi kwenye uzio kwa miguu minne, masikio mbele, kwa sababu mifuko ya wachungaji huwa na chumvi ya ng'ombe. Mmoja akaweka fimbo chini, akalifungua koti, na ndani ya koti palikuwa na bunduki. Akamfuta farasi shingoni kwa mkono wa koti, na mvua ikamsaidia kuondoa tope.

Nilikimbia, ndoo ikamwagika nyuma yangu. Nikamgonga bega la kulia kwa vifundo vya vidole, kama siku za mwanzo. Akanigeukia, akaninusa mkono. Nikagonga tena. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeziachia nguo za askari zinifanyie kazi, na yeye hakukumbuka tena kule kugongwa kwa vidole kuna maana gani. Niligonga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka.

"Mama, acha kuipiga," mmoja wao akaniambia, tena kwa upole. "Iko muzima kabisa."

Wakayatoa magunia waliyoyaficha vichakani, wakamtwisha. Mimi nililia mbele yao bila aibu, nikawaambia ni mzee, ni kilema, daktari mwenyewe alisema mbele ya watu wote. Hawakunijibu, walikuwa wanafunga kamba. Niliikunja ngumi kifuani kwa uchungu, naye akaiona. Akaweka miguu minne sawasawa kama ya meza, akanyoosha shingo, akasubiri chumvi.

Nilifungua pindo la kitenge nikampa yote iliyokuwepo. Kisha wakamchukua kuelekea njia ya Walikale. Niliutazama ule mguu wa kulia mpaka kwenye kona, nikimwomba auinue, naye aliukanyaga chini vizuri kila hatua.